Mafuta ya Taa Ndani ya Dira

Dira ya mjomba ilikauka msimu wa kusi, mwaka nilipokuwa darasa la sita. Ilikuwa dira ya chombo, duara la shaba lenye kioo juu, na ndani yake kadi nyeupe yenye herufi iliyokaa juu ya ncha ya msumari mdogo kama kofia juu ya kidole. Kiowevu chake kilivuja tone baada ya tone kupitia mpira wa kioo uliochakaa, hata alfajiri moja, kabla hatujateremsha mashua hapo Gazi, pwani ya Kwale, mjomba akaitikisa sikioni na haikutoa sauti yoyote.

Tulitoka nayo hivyo hivyo. Wingu lilikuwa zito, nyota hazikuonekana, na tulipopita kisiwa cha Chale kadi ikawa haikai. Wimbi likiinua omo, kadi huenda kushoto, ikarudi, ikaipita kaskazini, ikaenda kulia, ikarudi tena. Na kabla haijamaliza safari zake wimbi la pili limeshafika. Baharia mmoja akasema dira imelewa. Mjomba akamjibu, "Haijalewa. Kaskazini inaijua vizuri. Imekosa kitu cha kuishika."

Tuliporudi aliifungua chini ya mkungu, akaijaza mafuta ya kupikia kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Kadi ikaacha kuyumba kabisa. Lakini ukiigeuza dira, kadi iliifuata kaskazini kama mtu anayetembea kwenye matope ya mikoko: hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Kesho yake baharini alipinda chombo, akatazama kadi, akangoja. Akasema, "Hii inatuambia tulikokuwa." Jioni akayamwaga yale mafuta, akaosha kwa maji ya moto na sabuni, akakausha kwa jua, kisha akajaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Akageuza dira robo duara. Kadi ikaja mbio, ikaipita kaskazini kidogo, ikarudi, ikatua.

Nilimwuliza, "Mjomba, ile kasi yake imekwenda wapi?"

"Imeingia kwenye mafuta."

"Na mafuta yameipeleka wapi?"

Alifunga skrubu ya mwisho kwanza. "Hilo, mwanangu, ukalisome."

Nimelisoma kwa zaidi ya miaka ishirini, na bado sijalimaliza.

Jibu la kwanza lilinijia jikoni kwa mama huko Msambweni. Nilikuwa nimebandua sumaku ya spika kutoka redio iliyokufa, ile pete nyeusi nzito, nikaifunga uzi na kuizungusha mchangani kuokota chembe nyeusi, kama walivyofanya watoto wengi wa Kwale. Siku moja niliining'iniza juu ya sufuria kubwa ya alumini ya karamu, iliyofunikwa kifudifudi, nikaisukuma. Ikabembea mara chache, ikasimama. Nikahamia juu ya sakafu ya udongo, nikaisukuma kwa nguvu ile ile: ikabembea na kubembea. Nikarudi kwenye sufuria, nikairudia sakafu, mpaka mama akanifukuza kwa kuwa alitaka sufuria yake. Kilichonishangaza ni kwamba alumini haishikwi na sumaku. Nilikuwa nimeijaribu na haikunata hata kidogo. Vipi basi kitu kisichoshikwa na sumaku kiweze kuizuia?

Baadaye nilijua kwamba swali hilo liliwahi kuulizwa Paris. Mwaka 1824 François Arago aliwaeleza wanasayansi wenzake kwamba sindano ya dira hutulia upesi zaidi ikiwa karibu na shaba kuliko ikiwa mbali nayo. Hakuna aliyeweza kueleza sababu hadi Michael Faraday mwaka 1831. Sumaku inayopita juu ya metali huamsha ndani yake mikondo ya umeme inayozunguka kama maji yanavyozunguka nyuma ya kasia. Kila mkondo una usumaku wake, na usumaku huo huvuta kinyume cha mwendo. Mikondo ikifa huacha joto. Kasi ya sumaku yangu ilikuwa imeingia kwenye sufuria ya mama, ikawa joto dogo ambalo kiganja hakiwezi kulihisi. Hata kopo la shaba la dira ya mjomba lilikuwa likisaidia kidogo kuituliza ile kadi.

Nilidhani nimefika mwisho wa safari. Chuoni nikaona nimesimama mlangoni tu, kwa sababu sumaku yenyewe, ndani kwa ndani, imejaa vitu vinavyoyumba na kutulia, na humo hamna mafuta wala sufuria.

Sijapata njia nzuri ya kueleza hili kuliko pia ya kuchezea. Tulichonga pia kwa mbao, tukaizungusha kwa kamba penye ardhi ngumu mbele ya baraza. Pia ikiwa na kasi husimama wima. Ikianza kuchoka, kichwa chake huchora duara hewani, taratibu, na duara hilo hupanuka hadi pia inalala chini. Elektroni nayo ina mzunguko wake wa asili, ambao George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit waliupendekeza mwaka 1925 na ambao tunauita spini. Katika chuma, nikeli na kobalti, spini nyingi sana hukubaliana kuelekea upande mmoja, na makubaliano hayo ndiyo sumaku. Ukizisukuma kidogo kutoka uelekeo wake zikiwa ndani ya uga wa sumaku, hazirudi moja kwa moja kama kadi ya dira. Vichwa vyake huchora duara kuuzunguka uga, kama pia iliyoinama. Katika uga wa tesla moja huzunguka mara bilioni 28 hivi kwa sekunde.

Hapo ndipo elektroni inapoachana na pia. Pia huchoka kwa sababu mzunguko wake wenyewe unakwisha. Spini haikwishi kamwe. Kinachokwisha ni lile duara. Kila mzunguko huwa mwembamba kuliko uliotangulia, hadi spini inalala sambamba na uga na kutulia. Hivyo pia ikichoka huanguka, na spini ikichoka husimama wima. Na swali la chini ya mkungu likarudi vile vile: duara lile limekwenda wapi?

Wanafizikia wawili wa Kisovieti, Lev Landau na Evgeny Lifshitz, waliandika mlinganyo wa mwendo huu mwaka 1935 wakaongeza ndani yake kipande kinachofifisha duara. Kwa sumaku nyingi mlinganyo wao hufanya kazi safi. Lakini una tabia moja: kadiri unavyoongeza kile kipande cha kufifisha, ndivyo spini inavyotulia haraka zaidi, bila kikomo. Mwaka 1955 Mmarekani Thomas Gilbert alipendekeza umbo jingine, ambalo ndani yake kizuizi kinategemea kasi ya mwendo wenyewe, kama maji yanavyompinga mwogeleaji kadiri anavyojitahidi. Katika umbo la Gilbert, kizuizi kikizidi sana spini hupunguza mwendo, ikajikokota. Maelezo yake kamili yalichapishwa katika jarida mwaka 2004, karibu nusu karne baada ya wazo lenyewe.

Mhadhiri alipotuandikia milinganyo yote miwili ubaoni, wenzangu walitaka kujua ni upi wa kukariri kwa ajili ya mtihani. Mimi niliinama juu ya daftari kwa sababu macho yalikuwa yamenijaa machozi. Nilikuwa nimeiona dira kavu, nikaiona dira ya mafuta ya kupikia, nikaiona dira ya mafuta ya taa. Nilijua kwa macho yangu kwamba kizuizi kikizidi, kadi huchelewa. Mjomba, ambaye shule yake iliishia darasa la nne, angemwambia mtu yeyote kwamba Gilbert ndiye aliyesema kweli.

Kipimo cha kufifia huku huandikwa kwa herufi ya Kigiriki alfa. Kwa permaloi, mchanganyiko wa nikeli na chuma wa karibu sehemu nne kwa moja, alfa ni kama 0.008. Maana yake duara huzunguka mara 20 hivi kabla ya kusinyaa hadi karibu theluthi ya upana wake, na kwa mizunguko bilioni kumi kwa sekunde, hayo yote huchukua sehemu mbili za bilioni za sekunde. Kuna madini yaliyotengenezwa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1956, ganeti ya itriamu na chuma. Hiyo, ikiwa safi, huzunguka zaidi ya mara elfu moja kabla ya kufikia hapo. Haipitishi umeme, kwa hiyo mikondo ya Faraday haipati nafasi humo. Ndiyo maana mafundi wa rada na mikrowevu waliipenda mapema, na ndiyo maana watafiti wa leo wanajaribu kupitisha ishara ndani yake kwa mawimbi ya spini badala ya umeme. Wanaotengeneza kumbukumbu za kompyuta wana shida mbili zinazovutana. Spini ya kumbukumbu ikikawia kutulia, hujui kama imeandika moja au sifuri. Na kizuizi kikiwa kikubwa, unahitaji mkondo mkubwa zaidi wa umeme kuigeuza. Kila kazi ina mafuta yake.

Nilipelekwa maabara moja Ujerumani kupima alfa ya tando nyembamba za metali. Unaweka utando juu ya waya bapa unaopitisha mikrowevu, unauweka wote katika uga wa sumaku, kisha unabadilisha uga taratibu. Uga ukifika mahali ambapo spini zinazunguka kwa mapigo yale yale ya mikrowevu, zinanywa nguvu, na kwenye skrini linachorwa bonde. Jambo hili J. H. E. Griffiths aliliona Oxford mwaka 1946. Bonde likiwa jembamba, spini hutulia polepole. Likiwa pana, hutulia haraka. Upana wa bonde ndio jibu la swali langu la utotoni, umechorwa kwa wino wa kijani.

Bonde langu likawa pana kuliko lilivyopaswa. Utando ule ule uliopimwa na mwenzangu mahali pengine ulitoa alfa ndogo, kwangu ukatoa kubwa. Kwa wiki kadhaa niliamini nimegundua jambo jipya, nikaanza hata kuandika. Nilizipitia njia zote ambazo nguvu ya spini hupotelea, moja baada ya moja. Ya kwanza ni kwamba spini imefungwa kwenye njia ya elektroni kuzunguka atomu, na njia hiyo imefungwa kwenye mpangilio wa atomu zote. Ukitikisa kamba upande huu, upande ule unatetemeka, na mtetemo wa atomu ndio joto. Ya pili ni mikondo ya sufuria ya mama, ambayo katika utando mwembamba ni midogo mno. Ya tatu niliielewa kwa kuikumbuka Diani. Wimbi kubwa linatoka bahari kuu likiwa moja, limenyooka, linafika kwenye mwamba wa matumbawe na kuvunjika kuwa povu na viwimbi vinavyokimbia kila upande. Nguvu bado imo majini, ila si wimbi tena. Vivyo hivyo spini zinazozunguka pamoja zikikutana na kasoro za utando, umoja wao huvunjika kuwa mawimbi madogo ya spini yanayokwenda ovyo, na baadaye nayo hufia kwenye joto. Ya nne ni jirani. Utando ukigusana na metali kama platini, spini humwagikia kwa jirani kupitia mpaka, jambo ambalo Tserkovnyak, Brataas na Bauer walilieleza mwaka 2002.

Hakuna hata moja iliyotosha kueleza bonde langu. Usiku mmoja, maabara ikiwa tupu, nilichukua kipande cha kioo chembamba, kile cha kufunikia sampuli za darubini, nikakiweka kati ya utando na waya. Utando ukainuka kiasi kisichofikia unene wa kucha. Bonde likawa dogo, likawa jembamba. Nikaongeza kipande cha pili, likasinyaa tena. Spini zangu, kwa kuzunguka, zilikuwa zikirudisha mikrowevu kwenye waya, na waya ulikuwa ukiibeba nguvu hiyo na kuondoka nayo. Ugunduzi wangu haukuwepo. Kifaa nilichotumia kuuliza kasi imekwenda wapi ndicho kilichokuwa kikiichukua.

Nilimpigia mjomba simu. Alikuwa mzee tayari, hasikii vizuri. Nilipomaliza kueleza akasema, "Kwani nilipokupa dira uishike, sikukwambia uondoe kisu kiunoni?" Alikuwa ameniambia, na si mara moja. Tangu usiku ule kila mwanafunzi anayepima nami huanza kwa kujipima yeye na vyombo vyake, na sitii saini matokeo yasiyokuwa na kipande cha kioo.

Sasa nirudi Kwale, kwa maana Kwale ndiyo iliyonifunza lililobaki.

Zile chembe nyeusi tulizookota kwa sumaku ya spika ni ndugu wa mchanga uliochimbwa Maumba na Nguluku. Meli ya kwanza ya mchanga huo iliondoka Likoni Februari 2014, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Ndani yake mlikuwa na ilmenaiti, rutaili na zirkoni, na ilmenaiti ilitenganishwa na wenzake kwa sumaku zenye nguvu. Sumaku ya spika huokota hasa magnetaiti. Ilmenaiti huisikia kidogo tu. Ilmenaiti ina chuma na ina spini, ila katika joto letu spini zake hazikubaliani. Zinainama pale sumaku inapopita na kusahau inapoondoka. Ili zipangane zenyewe kwa zenyewe sharti uzipoze hadi karibu nyuzi 215 chini ya sifuri, na hata hapo hupangana safu moja ikiipa nyingine mgongo.

Kusini zaidi, upande wa kwenda Lunga Lunga, kipo kilima cha Mrima chenye msitu wa kaya ya Wadigo. Tangu miaka ya 1950 wanajiolojia wameandika kuhusu udongo wake mwekundu wenye niobiamu na madini adimu, na mwaka 2013 jina la Mrima lilitajwa sana katika habari za biashara duniani. Watu huyataja madini adimu kama fedha iliyolala chini. Kwangu mimi ni ukoo ambao kila mmoja wao ana namna yake ya kuishi na spini.

Mchukue gadoliniamu na jirani yake terbiamu. Katika jedwali la elementi wamekaa bega kwa bega, na kemia yao inafanana hata kuwatenganisha ni kazi ya uvumilivu. Changanya gadoliniamu kidogo katika permaloi, na alfa karibu haisogei. Changanya terbiamu kiasi kile kile, na alfa inapanda mno. Duara lililokuwa likizunguka mara 20 linakufa baada ya mizunguko michache tu. William Bailey na wenzake walionyesha hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sababu ni umbo. Wingu la elektroni zinazobeba spini ya gadoliniamu ni tufe kamili kama kaimati. Ligeuze utakavyo, majirani hawahisi tofauti. La terbiamu ni bapa kama kitumbua. Spini ikizunguka, kitumbua kinageuka nayo, kingo zake zinawasukuma majirani, na kila msukumo unatoa nguvu kwenye duara na kuimwaga katika mpangilio wa atomu.

Itriamu haina wingu hilo kabisa, na hapo ndipo ganeti ya Grenoble ilipopata utulivu wake mrefu. Lakini itriamu huchimbwa ikiwa imechanganyika na ukoo mzima, na mabaki machache ya ndugu zake yakibaki ndani ya ganeti, duara la elfu linafupika. Watafiti wa mwishoni mwa miaka ya 1950 walitumia jasho jingi kuisafisha kabla ya kuona uwezo wake wa kweli.

Nasema haya kwa sababu nimeketi katika vikao vya wazee na vijana karibu na Mrima, nikasikia bei ya tani ikitajwa na kupingwa, na watu wana haki ya kuiuliza. Sijasikia mtoto wa Mrima akiambiwa madini haya hufanya nini. Sumaku kali za neodimiamu zilizomo katika spika za simu yake zinatokana na ukoo huo huo. Kitumbua na kaimati anavijua. Mwalimu wa fizikia akiwa na sufuria, uzi na sumaku ya spika, kipindi kimoja kinatosha kuanza. Walimu wa Kwale, nawaomba mkianze.

Mjomba alifariki na dira akaniachia mimi. Wavuvi wa Gazi wengi sasa wanatumia GPS, na mashua yake iliuzwa. Nimebadilisha mafuta mara mbili tangu hapo. Ukiwa na dira iliyokauka nyumbani, usiitupe, wala usiijaze mafuta ya kupikia. Badilisha mpira wa kioo kwanza, tumia mafuta ya taa safi, na uache kiputo kidogo cha hewa chini ya kioo, kwa sababu jua la Pwani huyatanua mafuta na bila nafasi hiyo kioo kinaweza kupasuka.